Risasi za shotigani za zamani: mbili zimegoma, moja imekohoa tu. Nifanyeje na zilizobaki?

Mrithi_wa_Mitutu

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa wanaoelewa haya mambo maana mi bunduki naijua juujuu tu. Baada ya mzee kufariki nilifuatilia taratibu zote za kisheria mpaka shotigani yake ikaandikwa jina langu, ni geji 12 (geji ndo kipimo cha upana wa mtutu) ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, ile ya kukunja katikati, nyundo zake ziko ndani hazionekani. Pamoja nayo nikakabidhiwa kisanduku cha bati kina risasi kama sitini hivi, mchanganyiko mtupu, kuna za plastiki nyekundu ambazo mzee alinunua mwenyewe, kuna za karatasi za rangi ya kahawia iliyopauka ambazo naambiwa zilikuwa za babu, na mbili za njano sijui zimeingiaje humo.

Sasa wiki mbili zilizopita nikaenda uwanja wa shabaha kuijaribu, nikaanza na zile za karatasi nikiwaza bora za zamani ziishe kwanza. Nikapiga kumi. Sita zililia vizuri tu, moshi mwingi kidogo ila kishindo cha kawaida. Mbili ziligoma kabisa, klik na kimya, nikakunja bunduki nikazitoa. Moja ililia sawa lakini ganda lilitoka fupi, kitako cha shaba na kakaratasi kidogo kalikochanika, nikajua ndo zilivyo za kale. Ya mwisho ndo iliyonikata stimu, ilitoa kasauti kama mtu anakohoa, puh, bega halikusukumwa hata kidogo. Nikasema basi kwa leo, nikafunga virago. Bunduki sijaigusa tangu siku hiyo, iko kwenye kabati lake la chuma.

Swali langu ni je huu ni ugonjwa wa risasi au wa bunduki? Na zile za plastiki naweza kuziamini? Kuna namna ya kuijua mbovu kabla hujaipiga? Zile mbili zilizogoma bado ninazo kwenye mfuko wa koti.

Digidigi_Mbishi

Mkuu usitishike, risasi haiozi kama nyanya. Mi nimeshapiga za plastiki ambazo zimenizidi umri na zote zililia kama za jana. Risasi ikikaa pakavu inadumu kuliko mwenye nayo. Hizo zilizogoma zirudishe mtutuni uzigonge mara ya pili, mara nyingi inakubali. Na hiyo iliyokohoa ni ajali tu, moja kati ya kumi sio mbaya kwa kitu cha babu. Endelea nazo mpaka ziishe, utanunua mpya baadaye.

Fundi_Mstaafu

Mrithi pole kwa msiba. Kabla sijasema lolote, usiendelee na chochote. Hiyo bunduki usiijaribu hata na risasi mpya mpaka unijibu maswali matatu. Nimetengeneza silaha miaka mingi kabla macho hayajachoka, na katika hadithi yako kuna kitu kimoja umekipita kama hakina maana na ndicho kilichonitoa kitini.

La kwanza, lile ganda lililotoka fupi. Nusu yake nyingine iko wapi? Uliiona chini? Maana ganda la karatasi linatakiwa litoke zima, mdomo ukiwa umefunguka tu. Kama kilichotoka ni kitako na kakipande, basi lile bomba la karatasi limekatika na limekwenda mahali, na mahali penyewe ni pawili tu, ama limeruka nje pamoja na marisawa, zile punje za kupigia, au limenasa ndani, pale chemba, yaani sehemu inapokaa risasi, inapoanza kusinyaa kuingia kwenye mtutu. Likinasa pale ukitia risasi nyingine inaingia bila shida na bunduki inafunga vizuri kabisa, hutajua lolote mpaka utakapovuta kifyatulio.

La pili, zile mbili zilizogoma zilikuwa mtutu upi? Wa kulia au wa kushoto? Fikiri vizuri.

La tatu, zitazame nyuma kwenye fataki, ile duara ndogo ya katikati inayogongwa na pini ili iwashe baruti. Kibonyeo cha pini kikoje, kimezama kama alama ya kidole gumba kwenye udongo mbichi au ni kadoa tu?

Na uliposikia klik ulingoja muda gani kabla ya kukunja bunduki? Hilo la nne, nimedanganya nikasema matatu.

Digidigi kijana wangu, nusu ya maneno yako ni kweli na nusu nyingine inaweza kumng'oa mtu vidole. Nitarudi kwako.

Mrithi_wa_Mitutu

Shikamoo mzee, asante. Ganda lililobaki sikuliona na wala sikulitafuta, kusema kweli sikuwaza kabisa. Hilo lilikuwa la tisa, mtutu wa kulia, nakumbuka kwa sababu lililofuata ndo lile la kukohoa nikalipiga kushoto.

Zilizogoma nimezitoa mfukoni sasa hivi. Nadhani zote mbili zilikuwa kushoto, sina uhakika asilimia mia ila nakumbuka nilivuta kifyatulio cha nyuma na mzee aliniambia zamani cha nyuma ni cha kushoto. Kibonyeo ni kidogo mzee, ni kama mtu kagusa na ncha ya kalamu. Nimelinganisha na kitako cha moja iliyolia, tofauti yake ni kubwa, ile imezama kweli.

Nilingoja... sikungoja. Nilikunja palepale.

Fundi_Mstaafu

Marahaba. Nilijua hukungoja, hakuna anayengoja mara ya kwanza.

Haya, hapo una magonjwa mawili tofauti na watu wengi huyachanganya wakaishia kutupa risasi nzima au kuamini bunduki mbovu. Klik mbili, zote kushoto, vibonyeo vyembamba. Hiyo ni bunduki. Pini ya kushoto inagonga kama mtu mwenye usingizi. Kwa silaha iliyokaa miaka bila kufanyiwa kazi sababu ya kwanza kabisa huwa ni mafuta ya zamani yaliyoganda yakawa kama gundi ndani ya mashine, nyundo inashuka inaburuza, ya pili springi imechoka, ya tatu pini imelika ncha. Fundi anaifungua, anasafisha, anaangalia. Kazi ya asubuhi moja.

Fataki ngumu ya zamani nayo inachangia, sikatai, ila mtutu wa kulia ulizipasua za sanduku hilohilo bila malalamiko, kwa hiyo mshitakiwa wa kwanza ni mashine.

Iliyokohoa naona zaidi ni ya risasi yenyewe. Inawezekana pini dhaifu ikawasha fataki vibaya, inawezekana pia unyevu uliingia kwenye baruti, au mdomo wa ganda ulilegea. Baruti isiyo na moshi inahitaji kubanwa ndo iwake sawasawa, mkunjo wa mdomo ukilegea na vizibo vya katikati vikakauka vikasinyaa gesi inapita pembeni na baruti inaungua nusunusu. Marisawa yanatoka kwa uvivu, na mara nyingine wadi haitoki kabisa, inabaki katikati ya mtutu. Wadi kwa asiyejua ni kile kizibo kinachotenga baruti na marisawa, kwa za kale ni cha manyoya yaliyoshindiliwa au karatasi nene, kwa za siku hizi ni kikombe cha plastiki.

Sasa sikilizeni kwa nini hii ya kukohoa inatisha kuliko klik. Shotigani ina mtutu mwembamba kwa makusudi, kwa kuwa presha yake ni ndogo. Geji 12 ya kawaida kikomo chake kwa vipimo vya Marekani ni psi 11,500 (pauni kwa kila inchi ya mraba), wakati raifo nyingi za kuwindia zinapita 50,000. Kwa hiyo ule ukuta wa chuma mbele ya mkono wako wa kushoto haukutengenezwa kuvumilia kizuizi. Ukiwa na wadi au bomba la karatasi mle ndani ukapiga nyingine nyuma yake, mtutu unavimba kama chatu aliyemeza mbuzi, na siku mbaya unapasuka, na unapasuka palepale kiganja kinaposhika. Nimeipokea mitutu ya namna hiyo mezani kwangu. Mmoja uliletwa na mdogo wa mwenyewe, kwa sababu mwenyewe alikuwa wodini.

Kwa hiyo kesho mchana, mwanga ukiwa mzuri, hakikisha chemba zote mbili hazina kitu, itenganishe mitutu na kitako kabisa, bunduki ya kukunja inaachia kirahisi ukiondoa kile kipande cha mbao cha mbele. Mitutu ikiwa peke yake haina pini haina kifyatulio, haiwezi kukufanya lolote. Chungulia kutokea upande wa chemba ukielekeza ncha kwenye mwanga. Halafu pitisha fimbo ya kusafishia, usiamini jicho peke yake. Njoo utuambie.

Na klik siku nyingine, mdomo wa bunduki unabaki umeelekea kulengwa, hesabu sekunde 30 kamili, polepole, ndo ukunje, na ukikunja uso wako usiwe nyuma ya chemba. Kuna risasi zinachelewa. Fataki inafukuta, baruti inashika baadaye. Mara nyingi ucheleweshaji huo ni chini ya sekunde moja ila hiyo sekunde moja ndo muda uleule wewe unakunja kwa haraka. Risasi ikilipuka mtutu ukiwa wazi kitako cha shaba kinarudi kwako.

Digidigi_Mbishi

Mzee nimekuelewa kuhusu kizuizi, hapo sina neno. Ila bado nasema umri peke yake sio tatizo. Na kuhusu kugonga mara ya pili, wanajeshi wenyewe wanafanya.

Fundi_Mstaafu

Umri peke yake kweli sio tatizo, hapo ndo ile nusu yako ya ukweli. Risasi ya plastiki ya miaka arobaini iliyokaa sehemu kavu yenye ubaridi mi naipiga bila wasiwasi. Ya miaka miwili iliyokaa kwenye buti la gari juani siitaki. Uliza ilikaa wapi kabla hujauliza ina miaka mingapi.

Kugonga mara ya pili baada ya kungoja, uwanjani, kwa risasi isiyo na kasoro machoni, sio dhambi. Ila kwa ganda la karatasi la babu ambalo mwenzake limeshakatika katikati, unataka kuokoa nini?

Mwalimu_wa_Maabara

Naomba nichangie upande wa kemia maana hili la "risasi haiozi" linaudhi kidogo. Inaoza jamani, ila polepole sana. Baruti isiyo na moshi kiini chake ni nitroselulosi, na nitroselulosi tangu siku inapotengenezwa inajivunjavunja yenyewe, inatoa gesi za oksidi za naitrojeni, zikikutana na unyevu zinakuwa asidi, na ile asidi inaharakisha uvunjikaji. Yani inajila. Kinachoizuia ni dawa inayochanganywa kiwandani, difenilamini ndo maarufu, kazi yake ni kunyonya zile gesi kabla hazijaleta madhara. Dawa ikiisha, mchezo umekwisha. Joto ndo adui mkubwa, kanuni ya jumla ya kemia ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zikiongezeka kasi ya mmenyuko inakaribia kuwa mara mbili, sasa piga hesabu dari la bati linalofika nyuzi 50 mchana kila siku kwa miaka.

Wafaransa walijifunza hili kwa gharama kubwa. Ndio waliokuwa wa kwanza kuwa na baruti hii jeshini, Paul Vieille aliitengeneza 1884, wakaiita Poudre B. Ikawekwa kwenye ghala za meli za kivita bila vidhibiti vya kutosha, na meli ya Iéna ikalipuka bandarini Toulon mwaka 1907, kisha Liberté ikalipuka hapohapo Toulon 1911, mamia ya watu wakafa kwa jumla, na lawama ikaangukia baruti iliyoharibika. Kisanduku cha risasi sitini hakitalipuka kama meli, msiogope, nataka tu mjue kwamba baruti ni kitu kinachoendelea kubadilika hata kikiwa kimetulia kabatini.

Dalili zake ukifungua kisanduku ni harufu kali ya asidi inayochoma pua, na shaba iliyoliwa kutokea ndani kuja nje, mabaka ya kijani yanayotokeza hata pale ambapo nje hapakuwahi kuguswa na maji. Ukiona hivo usiipige. Na tafadhali usikate ganda ili "kuangalia" na usizianike juani wala usizikaushe na joto la aina yoyote, nimeshasikia watu wanafanya.

Baruti nyeusi ya kizamani, ile ya magobore, ni habari tofauti. Yenyewe haijili namna hiyo, ikikaa kavu inaweza kupita karne na bado inawaka, ila inapenda unyevu.

Mlinzi_wa_Zamu

Samahani kudandia uzi wa mtu, kazini tuna shotigani ya pump, ile ya kuvuta kwa mkono, geji 12, ambayo risasi zinakaa kwenye bomba la chini miezi na miezi, tunakabidhiana zamu kwa zamu hivohivo. Juzi tumezitoa tukakuta ya nyuma kabisa imevimba kiunoni, haiingii chemba. Ni za plastiki, mpya tu. Ni kawaida?

Fundi_Mstaafu

Ni kawaida kwa plastiki. Springi ya lile bomba inasukuma saa 24, joto likiongezeka plastiki inalegea, ganda linafupika kidogo na kunenepa. Na kuna jingine, mkikabidhiana mnaitoa ile ya chemba na kuirudisha kila zamu, si ndio? Risasi moja inaingia inatoka mara mia, ukingo wa kitako unalika na mdomo unaanza kufunguka, marisawa yanavuja. Nimewahi kukuta moja haina marisawa hata moja ndani, mtu analinda mali na bomba tupu. Zizungusheni, na kila baada ya miezi michache zile za zamani zipigwe mazoezini zije mpya. Ile iliyovimba msiilazimishe.

Mrithi_wa_Mitutu

Wakuu nimerudi. Mikono inatetemeka kidogo kuandika.

Nimefanya kama mzee alivyosema, nimetenganisha mitutu nikaenda nayo dirishani. Wa kushoto mwanga ulipita ila ndani kulikuwa na punje punje, vijisahani vidogo vya kijivu vimetapakaa mpaka karibu nusu ya urefu, nadhani ni baruti ambayo haikuungua. Wadi hakuna. Wa kulia kwa jicho ulionekana wazi pia, duara ya mwanga ikatokea vizuri tu, nikasema mzee kanitisha bure. Nikapitisha fimbo. Ikagota. Nikasukuma kutokea mdomoni taratibu, ikatoka pete ya karatasi, ndefu kama kidole gumba changu, imejikunja imebana ukutani kote pande zote kiasi kwamba ukichungulia unaona mtutu tu umekuwa mwembamba kidogo na jicho linadanganyika.

Ilikuwa mle wiki mbili. Na siku ile, nikiwa nimebakiwa na risasi nyingine mfukoni, sababu pekee iliyonifanya nisitie nyingine kulia ni kwamba ile ya kushoto ilikohoa nikakasirika nikaondoka.

Halafu kuna kitu kingine, ndani ya mitutu yote miwili kumeota kutu. Vidoa vyekundu vingi. Nilipitisha kitambaa chenye mafuta siku ileile niliporudi, kwa nini itokee?

Fundi_Mstaafu

Alhamdulillah. Hiyo pete iweke mahali, siku mwanao akirithi hiyo bunduki umwonyeshe kabla hujamwonyesha kifyatulio.

Kutu nimeitarajia. Fataki za kizamani nyingi zilitengenezwa na klorati ya potasiamu, ikiungua inaacha kloridi ya potasiamu, ambayo ni ndugu wa chumvi ya mezani, inavuta unyevu wa hewani na kuula mtutu. Viwanda vya Marekani vilianza kuiacha mwishoni mwa miaka ya 1920, sehemu nyingine ilichukua muda zaidi, na kwa sanduku lisilo na mwaka unachukulia tu kwamba ina chumvi. Mafuta hayayeyushi chumvi! Wewe umeifunika blanketi ikalala vizuri. Dawa yake ni maji, ya moto, mitutu ikiwa imetengwa, unamwaga ndani, unasugua kwa brashi, unakausha kabisa mpaka chuma kiwe na joto, ndo unapaka mafuta. Wazee wetu wa silaha walijua hivo na sisi tukasahau kwa sababu fataki za leo hazina hayo mambo.

Digidigi_Mbishi

Daah. Mrithi una bahati aisee. Naondoa maneno yangu ya "endelea mpaka ziishe".

Ila mzee nikuulize, mi huwa nazipuliza dawa ya kuzuia kutu risasi zangu zote kila baada ya mvua. Hiyo je?

Fundi_Mstaafu

Acha. Yale mafuta mepesi ya kupuliza yameumbwa ili yapenye, na yatapenya ukingoni mwa fataki, na fataki ikilowana inakufa au inapata kifafa. Risasi zako zinaweza zikawa zimezibwa vizuri zisidhurike, lakini unazipima kwa kubahatisha. Risasi inataka ukavu tu. Kopo la chuma lenye mpira kwenye mfuniko, vifuko vya silika vya kunyonya unyevu ndani, zibaki kwenye boksi zao ili ujue ni za lini na za namba gani. Na zitoe kwenye mkanda wa ngozi ukitoka porini, ngozi imelainishwa kwa dawa zenye asidi na inafanya shaba iwe kijani.

Mrithi, kuhusu za plastiki za mzee. Zipange mezani moja moja. Ile ambayo kitako kina kutu ya kijani iliyochimba, au fataki imechomoza au imezungukwa na doa jeusi, au mdomo umefunguka, au plastiki ukiibonyeza inalia kama ganda la yai, weka kando. Zinazobaki zidondoshe kwenye chemba ya mitutu iliyotenganishwa, ziingie kwa uzito wake zenyewe na zitoke ukiinamisha, inayohitaji kusukumwa hiyo imevimba. Zitikise sikioni pia. Marisawa ya kawaida, yale ya madini ya risasi, yakipata unyevu yanaota unga mweupe na kugandana, na yale ya chuma ni mabaya zaidi, yakishika kutu yanakuwa donge moja, na donge moja haliwezi kupita kwenye mtutu uliobanwa mdomo kama marisawa yanavyopita.

Kabla ya hayo yote geuza mitutu usome mihuri iliyopigwa chini yake. Bunduki za umri huo nyingi chemba yake ni milimita 65, na risasi za sasa za kawaida ni 70. Itaingia, na hapo ndo pana mtego, kwa sababu urefu unaoandikwa ni wa ganda likiwa limefunguka. Ikilia mdomo unafungukia kwenye msinyao na presha inapanda. Na kama mitutu ina michoro ya mawimbimawimbi kama mbao usiipige na baruti ya kisasa kabla fundi hajaitazama, hiyo ni ya chuma cha kusokota.

Za njano ziondoe leo hii. Hizo ni geji 20, nyembamba kuliko 12. Rangi ya njano imewekwa kwa makusudi kwa sababu geji 20 ukiiweka kwenye mtutu wa 12 inateleza mbele inakwama, chemba inaonekana tupu, unatia ya 12 nyuma yake. Ni pete yako ileile ya karatasi, ila hii ina baruti ndani.

Mwalimu_wa_Maabara

Na za karatasi zilizobaki usizizike, usizichome, usizitupe jalalani wala mtoni. Zikiwa nje ya bunduki na zikashika moto haziruki kama zimefyatuliwa ila vipande vya shaba vinaruka vya kutosha kutoboa jicho la mtu anayechoma taka. Piga simu polisi kwanza waulize wanataka uzilete vipi, wengine wanapenda kuzifuata wenyewe.

Mrithi_wa_Mitutu

Mrejesho wakuu. Fundi wa silaha ameifungua, upande wa kushoto mafuta yalikuwa yameganda mpaka akayakwangua kwa kijiti, springi anasema bado nzima. Chemba ni 65 kama mzee alivyohisi, kwa hiyo hata zile nyekundu nzuri za mzee siwezi kuzipiga humo, zote ni 70. Nimechagua bunduki, risasi zote zimeondoka.

Polisi nilipiga simu wakasema nilete kwenye kopo. Afande wa kaunta akazihesabu moja moja, za karatasi, za plastiki, akafika kwenye zile mbili za njano akaniuliza mbona hizi nyembamba, nawe umesema una geji 12. Nikamwambia hilo swali namuuliza marehemu babu kila siku.

Mlinzi_wa_Zamu

Hahaha. Sisi tumezitoa zote kwenye bomba leo asubuhi, kati ya tano mbili mdomo umefunguka. Meneja kakubali kununua boksi jipya, ila kasema za zamani tuzitunze "kwa dharura". Mzee Fundi njoo uongee naye wewe.

Fundi_Mstaafu

Mpe namba ya huu uzi aanze kusoma kutoka juu.